Somo la Urithi: Pipi Mbili za Baba, Pipi Mbili za Mama



Leo tutazungumza juu ya urithi. Hatusemi urithi wa shamba wala ng'ombe. Tunasema urithi ulio ndani ya mwili. Kwa nini mtoto huyu ana pua ya babu yake? Kwa nini yule ni mrefu kama mjomba wake? Na kwa nini baba na mama wenye afya njema wanaweza kumzaa mtoto mwenye ugonjwa ambao wao wenyewe hawana?

Somo hili lilianza kwa swali. Jioni moja, baada ya darasa kwisha, mama mmoja alibaki nyuma. Alitueleza kwamba mwanawe wa pili anaugua mara kwa mara. Vidole vyake huvimba. Macho huwa ya manjano. Usiku analia kwamba mifupa inamuuma. Hospitali walimpima damu wakasema ana ugonjwa wa selimundu, ule ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Nyumbani ndugu wa mume walisema, "Kwetu ugonjwa huo haupo. Ameuleta yeye." Wengine walisema mtoto amerogwa.

Mama huyo akatuuliza, "Mwalimu, ni kweli mimi ndiye niliyemwambukiza mwanangu?"

Tulimwambia kwamba huu si ugonjwa wa kuambukiza. Lakini tuliona kwamba maneno matupu hayatoshi. Tukamwomba ruhusa tulifundishe jambo hili darasani bila kumtaja. Akakubali. Wiki iliyofuata tuliwaalika wanakisomo waje na wenzao wa nyumbani. Sisi tulikwenda na pipi.

SELIMUNDU NI NINI?

Mundu mnaufahamu. Ni chombo kilichopinda, cha kukatia mpunga au majani. Seli ni chembe ndogo sana za mwili, hazionekani kwa macho matupu. Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya chembe nyekundu. Kazi yake ni kubeba hewa ya oksijeni na kuipeleka mwili mzima.

Chembe nyekundu ya kawaida ni ya mviringo na laini. Inapita vizuri hata katika mishipa myembamba kabisa. Kwa mgonjwa wa selimundu, chembe hizi hupinda na kuwa ngumu, zikafanana na mundu. Basi hukwama njiani, kama takataka zinazokwama katika mfereji. Mahali zilipokwama damu haipiti vizuri, na hapo ndipo maumivu yanapotokea.

Tena chembe hizo hufa upesi. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Chembe ya mundu huishi siku 10 mpaka 20 tu. Ndiyo sababu mgonjwa hupungukiwa damu na macho yake huwa ya manjano.

Mtoto mchanga haonyeshi dalili mara tu anapozaliwa. Kwa kawaida dalili huanza baada ya miezi 5 au 6. Hapo ndipo watu wanapoanza kusema, "Mbona alizaliwa mzima? Bila shaka kuna mkono wa mtu." Hakuna mkono wa mtu, jamani. Mtoto amezaliwa na damu hiyo. Katika miezi ya kwanza damu aliyokuwa nayo tumboni mwa mama bado inamkinga.

Basi damu hiyo ameipata wapi? Tucheze mchezo tuone.

VIFAA VYA MCHEZO

Tafuteni vitu hivi:

1. Makopo mawili yasiyoonyesha kilicho ndani. Moja ni la baba, la pili ni la mama.
2. Pipi nyekundu 2 na pipi nyeupe 2. Ziwe na ukubwa mmoja, ili mkono usizitambue.
3. Karatasi na kalamu ya kuandikia matokeo.

Kama hamna pipi, tumieni maharage mekundu na meupe. Kazi ni ile ile.

Pipi hizi ni mfano wa jeni. Jeni ni agizo la urithi lililomo katika chembe za mwili. Kuna jeni nyingi sana, na kila moja ina kazi yake. Leo tunaitazama jeni moja tu, ile inayoagiza namna chembe nyekundu zitakavyotengenezwa. Kila mtu anazo mbili za kazi hiyo. Moja alipewa na baba yake, nyingine alipewa na mama yake.

Pipi nyekundu ni jeni ya kawaida. Hospitali huandika A.
Pipi nyeupe ni jeni ya selimundu. Hospitali huandika S.

Basi mtu anaweza kuwa na pipi za namna tatu:

Nyekundu mbili, AA. Huyu hana selimundu.
Nyekundu moja na nyeupe moja, AS. Huyu kwa kawaida ni mzima. Analima, anabeba mizigo, hajui kama ana nyeupe ndani. Tunamwita mbebaji.
Nyeupe mbili, SS. Huyu ni mgonjwa wa selimundu.

JINSI YA KUCHEZA

Katika kopo la baba tieni pipi nyekundu 1 na nyeupe 1. Katika kopo la mama tieni vivyo hivyo. Maana yake baba ni AS na mama ni AS. Wote wawili ni wazima. Hakuna anayeweza kumtazama usoni akasema, "Huyu ni mbebaji."

Sasa mwanamume mmoja afumbe macho, atoe pipi moja katika kopo la baba. Mwanamke mmoja afumbe macho, atoe pipi moja katika kopo la mama. Wekeni pipi hizo mbili pamoja mezani. Huyo ndiye mtoto wa kwanza. Andikeni kama ni AA, AS au SS.

Halafu rudisheni kila pipi katika kopo lake, mtikise, mtoe tena. Huyo ni mtoto wa pili. Endeleeni hivyo.

Kanuni ya kurudisha pipi ni muhimu sana. Darasani kwetu bwana mmoja alitoa pipi nyekundu, tukaandika, naye badala ya kuirudisha akaitia mdomoni. Darasa zima likacheka. Tukamwambia, "Bwana wee, umekula jeni ya baba! Sasa kopo limebaki na nyeupe peke yake. Watoto wote watakaofuata watapewa nyeupe." Ikabidi tumpe nyingine ya kuweka. Katika mwili haiko hivyo. Jeni ya mzazi haipungui kwa kuzaa. Baba mwenye watoto 10 bado anazo zile zile mbili alizozaliwa nazo, na mama vivyo hivyo.

YALIYOTOKEA DARASANI

Watoto wanne wa kwanza walitoka hivi: AS, SS, SS, AA. Wagonjwa wawili katika wanne.

Mzee mmoja akasema, "Nyumba hii ina laana." Tukamwambia, "Mzee wetu, subiri kidogo. Tuendelee kutoa."

Tulitoa mara 32. Tukahesabu pamoja ubaoni:

AA walikuwa 8.
AS walikuwa 17.
SS walikuwa 7.
Jumla 32.

Sasa tufikiri kwa hesabu. Pipi mbili za baba na mbili za mama zinaweza kukutana kwa njia nne tu:

1. Nyekundu ya baba na nyekundu ya mama: AA.
2. Nyekundu ya baba na nyeupe ya mama: AS.
3. Nyeupe ya baba na nyekundu ya mama: AS.
4. Nyeupe ya baba na nyeupe ya mama: SS.

Kwa hiyo katika njia nne, moja ni AA, mbili ni AS na moja ni SS. Tukigawa 32 kwa 4 tunapata 8. Tulitazamia AA 8, AS 16 na SS 8. Sisi tulipata 8, 17 na 7. Mnaona ilivyokaribia? Ukitoa mara chache, matokeo huruka huku na huku. Ukitoa mara nyingi, hesabu inajionyesha.

KOPO HALIKUMBUKI

Hapa pana kosa ambalo watu wengi hulifanya, hata waliosoma. Wakisikia "mmoja katika wanne," hudhani kwamba mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, watatu wanaofuata lazima wawe wazima. Sivyo. Kopo halikumbuki. Kila mimba ni kutoa upya. Kila mara njia ni zile zile nne.

Ndiyo maana nyumba moja inaweza kupata watoto wawili wagonjwa mfululizo. Nyumba nyingine ya wazazi wa namna hiyo hiyo inaweza kupata watoto wanne wasiwe na mgonjwa hata mmoja. Kwa hesabu, nyumba za AS na AS zenye watoto wanne wanne, karibu moja katika kila tatu haitakuwa na mgonjwa. Nyumba hiyo itasema, "Kwetu haupo." Kumbe pipi nyeupe zimo ndani, zimefunikwa na nyekundu. Zinaweza kupita kwa wana na wajukuu kimya kimya, mpaka siku nyeupe mbili zitakapokutana.

MTAWA ALIYEHESABU NJEGERE

Hesabu hii haikuanza kwa pipi. Ilianza kwa njegere. Mtawa mmoja aliyeitwa Gregor Mendel aliishi katika mji wa Brno, ambao leo uko katika nchi ya Jamhuri ya Cheki. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1822, mtoto wa mkulima. Katika bustani ya watawa alipanda njegere kwa miaka mingi, akawa anazihesabu.

Alichukua njegere za aina inayotoa mbegu za manjano, akazichanganya na za aina inayotoa mbegu za kijani. Mbegu zilizopatikana zote zilikuwa za manjano. Je, ukijani ulikufa? Haukufa. Alipozipanda hizo za manjano na kuziacha zijizalishe zenyewe, alipata mbegu 6,022 za manjano na 2,001 za kijani. Gawanyeni wenyewe: katika kila mbegu nne, moja ilikuwa ya kijani. Ukijani ulikuwa umejificha nyuma ya manjano, kama nyeupe yetu ilivyojificha nyuma ya nyekundu.

Mendel alichapisha kazi yake mwaka 1866. Wataalamu wa wakati ule hawakuitilia maanani. Alifariki mwaka 1884. Ilipofika mwaka 1900 ndipo wataalamu wengine walipoona kwamba mtawa yule alisema kweli. Hakuwa na mashine kubwa. Alikuwa na bustani, subira, na hesabu ya kugawanya, ile ile tunayoisoma sisi hapa.

TUBADILISHE MAKOPO

Si kila nyumba ni AS na AS. Jaribuni makopo mengine:

Baba AA, mama AS. Hapa hapatokei SS. Nusu ya matazamio ni AA, nusu ni AS.
Baba AA, mama SS. Watoto wote ni AS. Ndiyo, mgonjwa wa selimundu anaweza kuzaa watoto wasio wagonjwa.
Baba AS, mama SS. Kila mimba, nusu ya matazamio ni AS, nusu ni SS.

Mkibadilisha, baba akachukua nafasi ya mama, majibu hayabadiliki. Kopo la baba na kopo la mama ni sawa.

Lakini tunatoa onyo. Mchezo huu usigeuzwe baraza la kuhukumu ndoa. Zipo jeni nyingine za damu ambazo hatukuzitia katika makopo, nazo zinaweza kukutana na S zikaleta ugonjwa unaofanana na huu. Kwa hiyo majibu ya damu yasomwe na mganga wa hospitali, si na jirani.

MBONA UGONJWA HUU UKO KWETU?

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani. Kwa nini? Sababu moja kubwa ni mbu.

Mwaka 1949 mtafiti mmoja aitwaye Anthony Allison alipima damu za watu katika sehemu mbalimbali za Kenya. Aliona kwamba wenye jeni ya S ni wengi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Pwani na ziwani kuna malaria nyingi. Mwaka 1954 alieleza sababu: mtu mwenye AS anakingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Kwa miaka mingi sana watoto wa AS walipona malaria kuliko wenzao, wakakua, wakazaa, wakapitisha ile pipi nyeupe.

Basi S haikuletwa na laana. Iliwasaidia mababu zetu kuishi. Hasara yake ni pale mbili zinapokutana. Na hapa tusikosee: kinga hiyo ni ya AS. Mtoto wa SS akipata malaria yuko katika hatari kubwa. Lazima alale ndani ya chandarua kila usiku.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tupime. Kipimo ni cha damu. Wanaotaka kuoana wanaweza kupima wote wawili. Hatusemi kwamba AS na AS wasioane. Uamuzi ni wao wenyewe. Lakini ni heri mtu aamue akiwa na macho wazi kuliko kufumba macho kama tulivyofumba katika mchezo. Na mtoto anayeugua mara kwa mara, anayevimba vidole au anayeishiwa damu, apelekwe kupimwa mapema.

Pili, tumtunze mgonjwa. Anywe maji mengi. Asipigwe na baridi kali. Apate chanjo zote. Atumie dawa alizoandikiwa. Watoto wadogo hupewa penisilini ya kuwakinga na maambukizo. Wengi husaidiwa na dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo hupunguza maumivu na kulazwa. Hospitali kubwa kama Muhimbili na Bugando zina kliniki za wagonjwa hawa. Iko pia tiba ya kupandikiza uloto wa mifupa, lakini ni ghali na haimfai kila mgonjwa.

Tatu, tujue dalili za hatari: homa, kupumua kwa shida, kupauka ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, maumivu yasiyotulia, au upande mmoja wa mwili kulegea. Mkiona moja ya hizo, msingoje asubuhi. Nendeni hospitali.

Nne, tuache kulaumiana. Mtoto wa SS akitunzwa vizuri husoma, hukua na kufanya kazi. Fedha ya kumpeleka kwa mganga wa ramli ingetosha nauli ya kliniki.

MWISHO WA SOMO

Tulisema kwamba wanakisomo walikuja na wenzao wa nyumbani. Yule mama alikuja na mume wake. Hatukumtaja. Lakini zamu ya kutoa ilipowafikia, mume alitoa katika kopo la baba na mke katika kopo la mama. Siku ile walitoa nyeupe na nyeupe.

Bwana yule alizishika zile pipi mbili kiganjani akazitazama. Kisha akasema, taratibu lakini sote tulisikia, "Kumbe moja ni yangu."

Wiki iliyofuata walikwenda pamoja kliniki na mtoto. Ilikuwa mara ya kwanza kwa baba kwenda. Ndugu zake hawajaacha kusema yote, maana mazoea ni magumu. Lakini sasa yupo wa kuwajibu.

Ndugu msomaji, chukua makopo mawili na pipi nne. Cheza na watu wa nyumbani kwako. Pipi mkazile mchezo ukiisha, si kabla.

MASWALI

1. Mtoto ana SS. Pipi nyeupe ya kwanza ametoa wapi? Na ya pili?
2. Baba ni AS, mama ni AA. Je, wanaweza kupata mtoto wa SS?
3. Wazazi wote wawili ni AS. Wana watoto watatu wazima. Je, wa nne lazima awe mgonjwa?
4. Ukitoa mara 60 katika makopo ya AS na AS, utazamie SS karibu ngapi?

MAJIBU

1. Moja kwa baba, moja kwa mama.
2. Hapana.
3. Hapana. Kopo halikumbuki. Ni njia moja katika nne, kama kwa watoto wote.
4. Karibu 15.

MANENO MAPYA

Jeni: agizo la urithi ambalo mtoto hupewa na mzazi.
Mbebaji: mtu mzima mwenye jeni moja ya S.
Seli: chembe ndogo ya mwili.
Uloto: ute ulio ndani ya mifupa, ambamo damu hutengenezwa.